KUNUNUA PIKIPIKI KWA MKOPO, NA KUIENDESHA

Wakulima wengi wafikao hapa afisini kwetu huniuliza habari za kununua pikipiki kwa mkopo. Si ajabu. Maziwa yakichelewa njiani huharibika, na majani chai yakilala hunyauka. Lakini yafaa upige hesabu kabla ya kutia sahihi.

Tuseme bei ni Shs. 160,000. Mwuzaji ataka utangulize Shs. 20,000, kisha ulipe Shs. 450 kila siku kwa siku 540. Mia nne na hamsini huonekana kitu kidogo. Haya, shika kalamu: 450 mara 540 ni Shs. 243,000. Ongeza zile 20,000, jumla Shs. 263,000. Umelipa Shs. 103,000 zaidi ya bei.

Sasa tuseme hizo 140,000 zilizosalia umezikopa katika Sacco yako kwa riba ya 1 kwa mia kila mwezi, ihesabiwayo juu ya deni lililobaki tu, ukapunguza deni kwa sehemu zilizo sawa kwa miezi 18. Riba yote itakuwa Shs. 13,300. Ni kweli kwamba Sacco hutaka akiba kwanza, na wadhamini, nawe utangoja. Mimi naona kungoja huko kwafaa.

Tena, angalia siku za kulipa. Malipo ya kila siku yamfaa mtu wa bodaboda, apataye fedha kila jioni. Auzaye maziwa hulipwa mwisho wa mwezi, na mwenye mahindi hungoja mavuno. Uliza: nikikosa wiki mbili, itakuwaje? Jina la mkopeshaji huandikwa katika logibuku pamoja na lako mpaka deni liishe, naye aweza kuja kuichukua pikipiki. Ukimaliza kulipa, hakikisha jina lake limeondolewa. Na bima ya lazima hulipa watu uliowadhuru; pikipiki yako ikiibiwa hupati kitu.

Habari za kuendesha. Pata leseni kwanza. Vaa kofia ngumu na kufunga ukanda wake kidevuni. Mimi mwenyewe niliwahi kuanguka penye matope, kofia ikining'inia kwenye usukani, na kovu ningali nalo. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa 42 kwa mia, na ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia. Abiria ni mmoja tu kwa sheria, naye avae yake.

Punguza mwendo kabla ya kufika konani, si ukiwa ndani yake. Tumia breki zote mbili pamoja, polepole, hasa barabara ya murram ikilowa. Mikebe ya maziwa ifungwe chini, uzito sawa pande zote mbili. Mkebe uliojaa nusu ni mbaya kuliko uliojaa, kwa sababu maziwa huyumba ndani na kuivuta pikipiki upande. Afadhali ujaze mkebe mdogo.