Ubora wa Petroli na Injini za Kisasa: Jina Kubwa au Manufaa?

Petroli inayouzwa nchini Kenya kwa jina la super ilibatizwa hivyo ili itofautishwe na ya kawaida. Hii ya kawaida ilipotoweka sokoni, super ikageuka kuwa ndiyo ya kawaida, na juu yake ikawekwa nyingine ya bei ghali yenye jina kubwa zaidi. Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, petroli hii ya ghali inajiuza au inajitembeza? Makala haya yananuia kufafanua iwapo ina faida kwa injini za kisasa, ambazo hunyunyiziwa mafuta kwa udhibiti wa kompyuta.

Chanzo cha utata ni neno lenyewe, ubora. Katika petroli, neno hili hubeba angalau maana mbili. Maana ya kwanza ni kiwango cha oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo ndani ya silinda bila kujilipukia kabla ya kufikiwa na moto wa plagi. Petroli ya oktani 95 hustahimili sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 za isooktani na asilimia 5 za heptani. Ikumbukwe kwamba oktani si kipimo cha nguvu. Petroli ya oktani nyingi haina nishati zaidi kwa sababu ya oktani hiyo. Ina subira zaidi.

Subira hiyo ikipungua, injini hugonga, na ikigonga kwa muda mrefu pistoni huharibika. Enzi za kabureta, ilimbidi fundi arekebishe kwa mkono wakati wa kutoa cheche. Injini nyingi za kisasa zina kihisi kinachotambua mgongo huo. Kompyuta ikipata habari, huchelewesha cheche kidogo na injini hutulia. Kwa hivyo, injini iliyoundiwa oktani nyingi ikipewa chache, aghalabu haitaharibika papo hapo, bali itapoteza nguvu na kula mafuta zaidi, hasa ikiwa ina turbo au inapopanda mlima na mzigo mzito. Kinyume chake, injini iliyoundiwa petroli ya kawaida haina pa kuutumia ustahimilivu wa ziada.

Ushahidi upo. Mwaka 2016, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu petroli ya oktani nyingi katika magari yaliyoundiwa ya kawaida, na hakikuona faida ya maana katika nguvu, matumizi ya mafuta wala usafi wa moshi. Kilikadiria kuwa Wamarekani walikuwa wamepoteza zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka mmoja kwa njia hiyo. Funzo hili linamhusu Mkenya pia, kwani magari mengi nchini huletwa yakiwa yametumika Japani. Huko, petroli ya kawaida hutakiwa isipungue oktani 89, na ile ya juu 96. Mwongozo wa gari ndio unaoeleza ni ipi gari liliundiwa.

Maana ya pili ya ubora ni usafi, na hapa hukumu inabadilika. Petroli huongezwa kemikali za kuzuia masizi kwenye vali na pua za kunyunyizia mafuta. Mwaka huo huo, AAA ilibaini kuwa petroli isiyotimiza kiwango cha juu cha kemikali hizo iliacha masizi mara 19 zaidi ya ile iliyokitimiza. Hata hivyo, katika injini zinazonyunyizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, hivyo haiwezi kuziosha.

Aidha, kuna petroli iliyoghushiwa. Mafuta taa yana oktani chache mno, na yakichanganywa na petroli hushusha ustahimilivu wake na kuongeza masizi. Ndiyo maana mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili kuondoa kishawishi cha bei. Tozo hiyo iliwaumiza pia maskini wanaoyapikia na kuyawashia taa.

Kwa kutamatisha, swali la iwapo petroli bora ina faida haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza: bora kwa maana ipi, na kwa injini ipi? Oktani inayozidi mahitaji ya injini ni gharama tupu. Usafi ni faida kwa injini yoyote, japo kwa viwango tofauti. Mwanafunzi wa semantiki anajua kwamba neno moja likibeba maana mbili, msikilizaji anaweza kupotoka. Katika kituo cha mafuta, anayepotoka hulipa kwa kila lita.