Uliza Jiko Kabla ya Kitanda

Anayeishi Isongole, wilayani Ileje, ana hifadhi mbili za milimani ambazo watalii wa mbali huvuka bahari kuja kuziona. Kusini, ng'ambo ya Mto Songwe, iko Nyika ya Malawi, hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote za nchi hiyo, yenye zaidi ya kilomita za mraba 3,000. Mashariki, ukishapita Mbeya, iko Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa hifadhi nyingine yoyote katika Afrika ya tropiki. Tangu lami ya kutoka Mpemba ifike Isongole, takriban kilomita 50, likizo ya familia haianzi tena kwa kusukuma gari kwenye tope. Kinachobaki kuwa kigumu ni malazi, na hapo ndipo familia nyingi za Mkoa wa Songwe hukosea hesabu. Huulizia bei ya chumba, huzidisha kwa idadi ya vyumba, hushtuka, kisha huahirisha safari hadi mwakani. Hoja yangu ni kwamba swali la kwanza linapaswa kuwa kuhusu jiko. Familia yenye watoto ikodi nyumba nzima ya kujipikia, kwa bei ya nyumba na si ya kichwa, hata pale bei hiyo ya usiku inapoonekana kubwa kuliko ya vyumba vya gesti.

Tuchukue familia ya watu sita: baba, mama, bibi na watoto watatu. Kwa mfano tu wa hesabu, tuseme chumba cha gesti ni shilingi 40,000 na sahani ya chakula ni 8,000. Vyumba vitatu ni 120,000 kwa usiku. Watu sita wakila mara tatu ni sahani 18, yaani 144,000 kwa siku, na jumla inafika 264,000. Sasa chukua nyumba ya vyumba vitatu kwa 150,000, na kikapu cha mchele, maharage, kuku, mboga na mafuta cha 50,000 kwa siku. Jumla ni 200,000. Nyumba imezidi vyumba kwa 30,000, lakini siku nzima imepungua kwa 64,000. Mwenye gesti atasema chai ya asubuhi imo ndani ya bei yake, na ni kweli kwa gesti nyingi. Ondoa sahani sita za asubuhi, bado unabaki na 216,000. Tofauti imepungua sana ila haijaisha, na hapo hatujahesabu soda, maziwa ya mtoto mdogo na ile sahani ya nne ya kijana wa miaka kumi na minne. Hesabu hii haiwafai wote. Wawili waliooana juzi, wasio na mtoto, watalipa 88,000 gesti kwa chumba kimoja na sahani sita. Kwao nyumba nzima ni kutupa pesa. Fedha ya likizo ya familia huishia zaidi mezani kuliko kitandani, na kadiri midomo inavyoongezeka ndivyo jiko linavyozidi kulipa.

Wenzetu wameliona hili zamani. Shirika la Wanyamapori la Kenya lina nyumba za kujipikia ndani ya hifadhi zake, na nyumba ya Naishi katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru hukodishwa nzima. Ndugu wawili na watoto wao wanaweza kuchanga na kuilipia pamoja. Chelinda, katikati ya Nyika, imejulikana kwa miaka mingi kwa nyumba ndogo zenye sebule, mahali pa kuota moto, na mpishi anayepika kile ambacho wageni wenyewe wamekuja nacho. Hapa kwetu Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, nalo lina mabanda na nyumba za wageni katika baadhi ya hifadhi, lakini mazungumzo ya utalii wa ndani bado yameshikwa na viingilio na vyumba. Kiingilio kwa Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Kinachowarudisha nyuma wazazi ni kulala na kula.

Mahali nyumba ilipo pana uzito wake. Kiingilio cha hifadhi zetu huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo anayelala ndani ya mpaka hulipia kila siku anayokaa, hata ile ambayo mvua imemfungia sebuleni. Anayelala nje hulipia siku anayoingia tu. Kwa Kitulo ninashauri kulala nje, kwa kuwa wanaokwenda kule hufuata maua na matembezi ya mchana, tofauti na anayefuata simba na kulazimika kuwa porini alfajiri. Kwa Nyika, kinyume chake: kutoka Chitipa, ng'ambo ya mpaka, njia ya kawaida ya gari la familia huzunguka Karonga na Rumphi hadi lango la Thazima, na Chelinda iko mbali ndani. Kwenda na kurudi kila siku ni kuwachosha watoto bure, kwa hiyo huko lala ndani.

Halafu kuna majira. Shule zetu hufunga Juni na Desemba, na miezi hiyo miwili ni kama nchi mbili tofauti. Desemba mvua imeanza, Kitulo inachanua, na barabara ya kupanda kutoka Chimala hadi Matamba, maarufu kwa kona zake 57, inataka dereva mtulivu na breki zilizokaguliwa. Ndio msimu wa kuwaonyesha watoto okidi zikiwa hai ardhini. Kwa mtoto wa Songwe hili lina maana ya pekee, kwa kuwa viazi vya mimea hiyohiyo ndivyo vinavyochimbwa nyanda za juu na kupitishwa Tunduma kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Juni hakuna maua mengi, na kwenye uwanda wa Kitulo, ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, usiku unaweza kuleta sakitu. Hapo uliza mablanketi, maji ya moto, na dohani. Hili la dohani nalisisitiza kuliko yote. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani ili watoto wapate joto, mlango na madirisha yakafungwa, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na waliolala hawaamki. Kwenye nyumba isiyo na dohani, kaeni na sweta na chupa za maji ya moto. Mkaa ubaki nje.

Pingamizi zito la kwanza linahusu mpaka. Ukikodi nyumba ya kujipikia Malawi, kikapu chako lazima kipite forodha. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi, baada ya Malawi kuzuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka kwetu. Zuio la Tanzania liliondolewa baada ya siku chache, lakini familia iliyokuwa ikiingia Malawi na kilo kumi za mchele garini ingejikuta ikibishana na ofisa mbele ya watoto. Siuoni ugumu huu kuwa sababu ya kuacha jiko. Ulizia hali mpakani siku mbili kabla, kisha nunua chakula sokoni Chitipa au Karonga. Hakikisha kila mmoja, watoto wakiwemo, ana hati ya kusafiria, na gari lina bima ya kadi ya njano ya COMESA. Kuhusu mafuta, uhaba umeisumbua Malawi miaka ya karibuni, kwa hiyo jaza tangi upande wetu.

Pingamizi la pili ni la akina mama, nalo ni la haki: mama aliyepika mwaka mzima Isongole anakwenda kupika tena mlimani, halafu anaambiwa yuko likizo? Ikiwa ni hivyo, bora gesti, hata kwa deni. Lakini Chelinda wametupa jibu. Mweke mpishi wa hapohapo, umlipe kwa siku, na hata ukiongeza 20,000 kwenye mfano wetu bado uko kwenye 220,000, karibu sawa na gesti yenye chai. Unachopata kwa pesa hiyo ni sebule ambayo bibi anaweza kuketi na wajukuu jioni, kitu ambacho vyumba vitatu vyenye milango inayotazama korido havina. Na baba na vijana waoshe vyombo. Anayesema wageni wa kujipikia hawaachi pesa kijijini atazame mpishi huyo, muuza viazi wa Matamba, na mwenye maziwa anayepita asubuhi na dumu lake.

Kwa hiyo, kabla ya Desemba, mpigie mwenye nyumba na umwombe picha ya jiko, ya choo na ya mlango kwa nje. Uliza jiko ni la gesi au la kuni, mtungi unajazwa na nani, masufuria yapo mangapi, maji yanatoka bombani au kwenye pipa. Nyumba ya hifadhi ilipie kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Nyumba ya mtu binafsi ilipie kwa Lipa Namba yenye jina la biashara, udai risiti. Ukiambiwa utume advansi kwenye namba nyingine yenye jina usilolijua, kata simu na utafute nyumba nyingine.