Chai ya Kijani na Uzito wa Kiambishi

Siku hizi usemi huu umeenea sokoni, matangani na hata katika insha za wanafunzi wetu: “Chai ya kijani huzuia saratani.” Ningependa tuupime kisarufi kabla ya kuuamini.

Kiambishi “hu-” hudokeza jambo la kawaida, litendekalo siku zote. Asemaye “jua huchomoza mashariki” hana shaka. Je, tuna yakini kama hiyo kuhusu chai?

Kweli, usemi huo haukuzuka hivi hivi. Chai ya kijani na ile tuipikayo kwa maziwa hutokana na mmea mmoja, uleule unaostawi Kericho. Majani ya kijani hupashwa moto mapema, kwa hiyo huhifadhi kwa wingi kemikali ziitwazo katekini. Katika maabara, kemikali hizo zimeonekana kudumaza seli za saratani.

Lakini seli iliyo katika kichupa si binadamu. Mwaka wa 2005, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilipima ushahidi uliokuwapo, ikaamua kwamba uwezekano wa chai hiyo kupunguza hatari ya saratani ya matiti au ya tezi dume ni mdogo mno. Mwaka wa 2020, wataalamu wa Cochrane walipitia tafiti 142 zilizohusu watu zaidi ya milioni moja. Matokeo yalikinzana.

Kinyume chake, mwaka wa 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilionya kuwa kinywaji chochote chenye joto linalozidi nyuzi 65 yaelekea husababisha saratani ya umio. Kumbe joto la kikombe latuhusu zaidi kuliko rangi ya majani!

Hili si suala la sarufi tu. Aambiwaye leo “huzuia”, kesho ataambiwa “hutibu”, na keshokutwa atasusia hospitali, huku ugonjwa ambao ungewahiwa ukizidi kukomaa.

Basi tunywe chai kwa utamu wake, tuiache ipoe kidogo, tujiepushe na sigara na tukapimwe mapema. Naye mwalimu akikuta “huzuia” katika insha, aikate kwa kalamu nyekundu na kuandika: “huenda ikapunguza hatari, bado haijathibitishwa.” Wahenga walinena: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.