Kwa Nini Begi la Dagaa Hufunguliwa Uwanja wa Ndege

Ukaguzi wa usalama katika uwanja wa ndege hufanywa ili silaha, baruti na vitu vingine vya hatari visiingie ndani ya ndege, viwe vimefichwa mwilini au kwenye mzigo. Kwa mkazi wa Bangwe au Ujiji, mjini Kigoma, aliyezoea kusafiri kwa boti, basi au treni, huu ni utaratibu mgeni. Uwanja wa ndege wa Kigoma humtaka avue mkanda, atoe simu mfukoni, apite getini akiwa mikono mitupu, na pengine begi lake lifunguliwe na kupekuliwa huku watu wakitazama. Wengi hutoka hapo wamekasirika. Ukiwasikiliza vizuri, kinachowauma zaidi ni kwamba walisachiwa na hakuna aliyewaambia sababu. Na sababu zipo, karibu kila kipengele kina yake.

Kanuni zenyewe hazitungwi Kigoma. Mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipitisha Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, kinachozitaka nchi wanachama zilinde safari za ndege dhidi ya utekaji na hujuma. Tanzania inasimamia jambo hilo kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na viwanja vya serikali vya Bara huendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA. Mkaguzi anayeshika chupa ya abiria na kuiweka pembeni hana uwezo wa kuibadili kanuni hiyo hata akimwonea abiria huruma.

Wapo wanaosema ukaguzi huu unawahusu watu wa Ulaya na Marekani, na kwamba hakuna mwenye haja na ndege inayobeba wafanyabiashara wa dagaa na wanafunzi. Historia inakataa. Februari 26, 1982, Boeing 737 ya Shirika la Ndege la Tanzania ilitekwa ikiwa safari ya ndani, ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Watekaji walikuwa vijana wa Kitanzania waliotaka Rais Julius Nyerere ajiuzulu. Abiria waliotarajia kufika Dar es Salaam walijikuta Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na hatimaye Stansted nchini Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na watu waliodai kuwa na bomu. Iliishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na Komoro, na watu 125 kati ya 175 wakafa. Kisha Februari 2, 2016, bomu lililofichwa ndani ya kompyuta mpakato lilitoboa ubavu wa ndege ya Daallo muda mfupi baada ya kuruka Mogadishu. Rubani aliweza kurudi na kutua salama. Aliyekufa ni mshambuliaji. Baada ya hayo, ni vigumu kumlaumu mkaguzi anayetaka kompyuta itolewe kwenye begi na kuwekwa peke yake kwenye trei.

Mzigo hupitishwa kwenye eksirei. Mashine hizi hupima jinsi miale ya nguvu tofauti inavyopenya kitu, kisha hupaka picha rangi kufuatana na maada iliyomo. Chuma huonekana buluu. Chakula, karatasi, mbao, sabuni na nguo huonekana rangi ya chungwa, na vitu vya katikati huwa kijani. Taabu iko hapa: baruti nyingi zimeundwa kwa kaboni, haidrojeni, naitrojeni na oksijeni, kama chakula kilivyo, hivyo nazo huonekana rangi ya chungwa. Dagaa wakavu walioshindiliwa kwenye mfuko, migebuka iliyofungwa kwa magazeti, kilo mbili za unga wa muhogo au miche ya sabuni ya mawese iliyopangwa vizuri huleta kwenye skrini donge zito ambalo mkaguzi hawezi kulitambua kwa macho tu. Likikaa juu ya chaja na nyaya za simu, picha inazidi kutia shaka. Begi lazima lifunguliwe. Mama aliyemfungia mwanawe zawadi ya nyumbani kwa upendo na ustadi hujisikia ameshukiwa uhalifu, ilhali kilichoshukiwa ni uzito wa kivuli kwenye skrini. Chakula kikiwekwa juu ya mzigo, mbali na vifaa vya umeme, na kisishindiliwe sana, mara nyingi kazi huisha haraka.

Mkaguzi wa eksirei naye ana mzigo wake. Jicho huchoka, na kwa sababu hiyo viwanja vingi hubadilisha mtu kwenye skrini kila baada ya dakika 20 hivi. Baadhi ya mashine humchomekea picha za bandia za bastola au bomu ndani ya picha ya begi halisi, kupima kama yuko macho. Foleni inaposimama ghafla bila sababu inayoonekana, hiyo huweza kuwa mojawapo.

Geti ambalo abiria hupita hutoa uga wa sumaku na kulia likikutana na chuma: sarafu, bangili, bizimu la mkanda, chuma kilichomo kwenye soli. Mtu mwenye chuma mwilini kwa sababu ya kuungwa mfupa huweza kuliliza geti kila safari, na cheti cha hospitali humsaidia kueleza. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aseme mapema, kabla hajafika getini. Mwanamke hukaguliwa na mkaguzi mwanamke, na anayevaa hijabu au nikabu anaweza kuomba chumba cha faragha. Maombi kama hayo yasichukuliwe kuwa usumbufu. Katika mji kama Ujiji, ambako stara ni sehemu ya malezi, mkaguzi anayelitaja jambo hilo kabla hajaombwa huondoa nusu ya hasira.

Pale ambapo kipo kipimo cha kunusa baruti, mkaguzi hupitisha kitambaa kidogo kwenye viganja au begi na kukiingiza kwenye mashine. Mashine hiyo hutafuta chembe ndogo mno, na huweza kudanganywa. Mkulima aliyeshika mbolea yenye naitreti, au mtu aliyejipaka mafuta yenye glisirini, huweza kuiliza bila kosa lolote. Hapo hufuata maswali na kipimo cha pili.

Vimiminika ndivyo vinavyoleta ugomvi mkubwa. Agosti 10, 2006, polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege za kwenda Amerika Kaskazini kwa baruti ya majimaji iliyokusudiwa kufichwa kwenye chupa za vinywaji. Kwa muda, karibu vimiminika vyote vilipigwa marufuku. Baadaye ikaja kanuni inayojulikana leo: chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, zote ndani ya mfuko angavu wa lita moja. Asali, siagi ya karanga, achari, dawa ya meno na mafuta ya kupaka huhesabiwa humo. Kinachotazamwa ni ukubwa wa chupa, kwa hiyo chupa ya mililita 200 yenye mafuta kidogo chini nayo hukataliwa. Dawa na maziwa ya mtoto huruhusiwa kupita kiwango hicho baada ya kukaguliwa.

Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya safari za kimataifa, na katika safari za ndani utekelezaji wake hutofautiana. Ndipo abiria wa Kigoma anapoumia. Mzee anayempelekea binti yake Muscat lita moja ya mawese anaweza kupita nayo safari ya ndani, akashuka jengo la pili la Uwanja wa Julius Nyerere, akahamia jengo la tatu, lililofunguliwa mwaka 2019 kwa safari za nje, na huko akanyang'anywa. Kwake inaonekana kama dhuluma, maana chupa ni ileile na nchi ni ileile. Angeiweka kwenye begi linalokabidhiwa, ikiwa imefungwa isivuje, ingefika. Mahujaji wameshalijua hilo kwa maji ya Zamzam, ambayo husafirishwa kwenye sehemu ya mizigo ya ndege katika maboksi maalumu ya lita tano.

Betri zina kanuni iliyo kinyume: pawabanki haikubaliwi kwenye begi linalokabidhiwa, kwa kuwa betri ya lithiamu ikishika moto humo ni vigumu kuufikia. Abiria hukaa nayo. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Pawabanki ya mAh 20,000 ina takriban 74.

Kanuni hulegea pia. Desemba 2001 Richard Reid alijaribu kulipua ndege ya kutoka Paris kwenda Miami kwa baruti aliyoificha kiatuni, na Marekani ikaja kuwavua viatu abiria wake kwa miaka mingi, hadi Julai 2025 ilipoacha. Eksirei mpya, zinazopiga picha ya pande zote kama zile za hospitali, humwezesha mkaguzi kuuzungusha mzigo kwenye skrini na kutofautisha maji na baruti. Mwaka huohuo wa 2025 viwanja vya Edinburgh na Birmingham viliruhusu chupa za hadi lita mbili. Lakini mashine hizo ni ghali na nzito, na viwanja vingi vya kubadilishia ndege bado vinatumia kikomo cha zamani. Abiria anayeunganisha safari hukaguliwa upya huko, kwa hiyo hufunga begi lake kwa kufuata kanuni iliyo kali kuliko zote njiani mwake.