Chungu cha Umeme: Kazi Yote Ni Kabla ya Kufunika

Kwetu Tabata, makongoro ya Jumapili hupikwa Jumamosi usiku, watu wamelala. Nayachemsha kwanza kwenye gesi, namwaga yale maji ya povu, kisha nayahamishia kwenye chungu cha umeme cha kupikia taratibu. Naweka moto mdogo, naenda kulala. Asubuhi mfupa unaachia wenyewe. Majirani huniuliza kinakula umeme kiasi gani. Waliokwisha kununua chao huuliza mbona mchuzi wao hautoki hivyo.

Tuanze na umeme. Chungu hiki ni bakuli zito la kauri lililokaa ndani ya ganda lenye waya wa joto, na vingi hutumia wati 150 hadi 300. Cha wati 200 kikiwaka kwa muda wa saa 8 hakizidi uniti 1.6 za Luku. Jiko la sahani la wati 1,500 likiwaka mfululizo humaliza uniti hizo kwa saa moja na dakika nne.

Sasa mchuzi. Joto dogo la muda mrefu hulainisha kano na ngozi mpaka zigeuke ule ute unaogandisha supu ikipoa. Kwa hiyo buchani omba muundi, shingo, mkia au kidari. Sarara iache, itatoka kavu kama katani.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi. Mvuke hugonga mfuniko ukarudi chunguni, na nyama nayo inatoa maji yake. Kilo moja ya nyama ya mchuzi inatosheka na kikombe kimoja. Chungu hakikaangi pia, kwa hiyo vitunguu, tangawizi na bizari vipitishe kwenye mafuta kwanza. Viazi na karoti panga chini, kwa kuwa humo huchelewa kuiva kuliko nyama. Jaza kuanzia nusu hadi theluthi mbili. Nyama iliyoganda iyeyushe kwanza ndani ya friji, la sivyo itakaa muda mrefu kwenye uvuguvugu ambao vijidudu wanaupenda.

Makande yana sharti lake, kwa sababu ya maharage, ambayo ndiyo chanzo cha chungu chenyewe. Mmarekani Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hataza ya chombo hiki mwaka 1940, alichota wazo kwenye simulizi ya mama yake, aliyekulia Lithuania. Huko Wayahudi walipeleka vyungu vya maharage na nyama kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa kabla ya Sabato, vikaiva usiku kucha. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake, na mwaka 1971 ikakiuza kwa jina la Crock-Pot. Ajabu ni kwamba maharage hayohayo ndiyo yanayotaka tahadhari kubwa. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo joto dogo haliiui. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 jikoni, ndipo uyatie chunguni pamoja na mahindi. Nyanya na ndimu zisubiri yalainike, uchachu huyachelewesha.

Tui zito tia nusu saa ya mwisho, ama sivyo litakatika. Mchicha na samaki navyo ni vya mwishoni.

Ukishafunika, usifunue. Kila ukifunua kuchungulia unaongeza dakika 20 hadi 30, na mama mkwe wangu, asiyeamini chakula kisichokorogwa, ameshachelewesha chakula cha mchana mara nyingi tu. Chakula cha saa 8 kwa moto mdogo huiva kwa kama saa 4 kwa moto mkubwa. Chagua mapema, ukae mbali.

Kabla ya kulala, angalia uniti zilizobaki. Umeme ukikatika nawe uko macho, hamishia chakula kwenye gesi papo hapo. Ukikatika usiku na hujui ulizimika kwa muda gani, mwaga, hata kama umerudi na chungu kina moto. Mtaa wenu ukiwa na mgawo, pika mchana ukiwa nyumbani.

Kinachobaki kipoze kwenye vyombo vifupi, kiingie friji ndani ya saa 2, na kukipasha moto tumia jiko la kawaida. Na kama nyumbani kwenu mnapenda steki na chipsi, hela ya chungu hiki nunulieni kikaango kizuri.