Hitilafu Lazima Ijitangaze

Bomba kubwa la gesi la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015. Kipenyo chake ni inchi 36, nalo limefukiwa chini ya mkuza unaopita kwenye mikorosho, vijiji na bonde la Rufiji. Gesi husafishwa Madimba, huungana na ile ya Songo Songo pale Somanga Fungu, kisha hupokelewa Kinyerezi. Njia nzima hakuna anayeiona. Tunachokijua kuihusu ni kile tu tunachoambiwa na vipimo, na kazi ya fundi wa vipimo na umeme ni kuhakikisha vipimo hivyo vinasema kweli. Ndiyo maana mbele ya kila kifaa hujiuliza: hiki kikifa, tutajuaje?

Chukua transmita ya presha, kijikopo cha chuma kilichofungwa kando ya bomba. Hupima presha na kuipeleka chumba cha udhibiti kama mkondo mdogo wa umeme, kati ya miliampia 4 na 20. Ikiwa imepangwa kupima bari 0 hadi 100, bari 50 ni miliampia 12. Kwa nini ianzie 4, isianzie 0? Kwa sababu waya ukikatika, mkondo hushuka hadi 0. Kama 0 ingekuwa pia alama ya bomba tupu, mwendeshaji asingeweza kutofautisha bomba lisilo na gesi na waya uliotafunwa na panya. Kwa mpango huu, bomba tupu husoma 4, na waya uliokatika hupiga kengele.

Valvu nyingi za dharura vituoni zimejengwa kwa fikra hiyohiyo. Hewa iliyogandamizwa ndiyo inayoishikilia valvu wazi dhidi ya springi nzito. Umeme ukikatika au hewa ikivuja, springi hushinda na valvu hufunga yenyewe. Fundi akilegeza waya mmoja bila kuangalia mchoro anaweza kusimamisha gesi ya mitambo ya umeme, kwa hiyo hashiki bisibisi kabla hajapata kibali cha kazi na kuzungumza na chumba cha udhibiti.

Kazi yenyewe ya kuhakiki transmita huenda hivi. Hufunga valvu ndogo inayoitenga na bomba, huachia gesi iliyobaki, na kuangalia kama mita inasoma 4. Kisha huipa presha ya pampu ya mkono kwa hatua za robo: 8, 12, 16, 20, halafu hurudi chini kwa hatua zilezile. Masomo ya kwanza huandikwa kabla ya kugusa skrubu yoyote. Anayerekebisha kwanza na kuandika baadaye hufuta ushahidi wa kiasi ambacho kifaa kilikuwa kimepotoka, na kwa muda gani watu waliamini namba mbovu.

Ziko hitilafu zinazojificha. Kijibomba kinachoipelekea transmita presha kinaweza kuziba kwa uchafu, na presha iliyonaswa ndani ikaendelea kusomeka vizuri, bari 60 asubuhi, bari 60 jioni. Presha ya bomba lililo kazini huchezacheza kadiri wateja wanavyofungua na kufunga. Mstari ulionyooka mno kwenye skrini humtia shaka fundi mzoefu.

Kutu nayo hula kimyakimya. Licha ya rangi ya kinga, bomba huunganishwa na upande hasi wa kigeuza umeme, na upande chanya huenda kwenye anodi zilizozikwa ardhini, ili zilike zenyewe badala ya bomba. Kwenye nguzo za upimaji, fundi huchomeka udongoni elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba na kutafuta volti -0.85 au hasi zaidi. Ikizidi mno, rangi ya kinga huanza kubanduka.

Halafu kuna cheche. Methani huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Maboksi mazito ya umeme yanayostahimili mlipuko hayazuii gesi kuingia; yameundwa ili ikilipuka ndani, moto upoe ukipenya kwenye maungio membamba kabla haujafika nje. Boksi lililofungwa kwa bolti saba kati ya nane limepoteza kinga yake, hata likionekana zima.

Hitilafu ngumu kuliko zote ni ile iliyonyamazishwa na mtu. Wakati wa matengenezo, kinga fulani huzimwa kwa makusudi ili kituo kisijifunge bure. Ikisahaulika hivyo, valvu itabaki wazi siku ile inapotakiwa kufunga, na hakuna waya wala springi itakayosema. Kwa hiyo kila kinga inayozimwa huandikwa daftarini: nani, saa ngapi, kwa idhini ya nani, itarudishwa lini. Anayepokea zamu hulisoma daftari hilo kwanza, skrini baadaye.