Elisha Alikwenda Mpaka Chanzo cha Maji

Somo la juma hili ni 2 Wafalme 2:19-22. Fungua Biblia yako uisome yote kwanza, ni mistari minne tu.

Watu wa Yeriko walimwendea Elisha wakamweleza shida yao waziwazi: mji wao umekaa mahali pazuri, lakini maji yake ni mabaya na nchi haizai. Elisha akaomba bakuli jipya na chumvi. Angalia sasa alichofanya. Hakuzunguka nyumba kwa nyumba kuombea mitungi. Alikwenda mpaka pale maji yanapotoka, akatupa chumvi pale pale, akanena neno la Bwana, na maji yakaponywa. Tena bakuli na chumvi vililetwa na watu wa mji wenyewe. Muujiza ulikuwa wa Mungu, lakini watu hawakukaa mikono mitupu.

Sisi tunaombea maji yakiwa tayari mezani, na ni vizuri. Lakini hesabu maombi yanayoletwa kanisani kila juma: mtoto ana tifoide, mtoto anaharisha, mama ametoka hospitali na deni. Mkoa wetu unajua pia kolera. Mengi ya magonjwa haya yanapita katika bidoni ya njano ya lita 20, na bidoni ile imejazwa kwenye chemchemi chini ya kilima. Kwa hiyo swali la somo letu ni hili: juu ya chemchemi ile kuna nini?

Wengi wanaamini kwamba maji yakitoka ardhini ni safi, basi. Si hivyo. Maji ya chemchemi ni mvua. Mvua inanyesha juu ya kilima, inaingia polepole katika udongo, inachujwa na mchanga na mawe, halafu inatokea chini pale tulipojenga ukuta na kuweka bomba. Udongo ndio chujio letu. Kama juu kuna majani na miti, mvua inaingia ndani. Kama kumebaki udongo mtupu, mvua inakimbia juu juu, inabomoa njia, na ndani hakuingii kitu. Ndiyo sababu chemchemi nyingine zinapungua wakati wa kiangazi hata kama mvua ilikuwa nyingi. Na kama juu kuna shimo la choo, uchafu wake unashuka na maji.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Mvua kubwa ikinyesha, nenda kwenye chemchemi yako siku ile ile. Kama maji yamegeuka kuwa na rangi ya udongo, ujue maji ya juu yanaingia bila kuchujwa. Ukuta wa saruji na bomba jipya havitasaidia kitu hapo, maana ubovu uko nyuma ya ukuta.

Butembo ni mji wa vilima. Tunajenga kwenye mteremko, na parseli zinakatwa ndogo zaidi kila mwaka. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, watu wameacha mashamba na vijiji wakakimbilia mijini. Mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, wengine wengi walipanda kuelekea Lubero na Butembo. Hawa ni ndugu zetu, wamelala katika nyumba zetu, na hakuna mkristo wa kuwalaumu. Lakini chemchemi iliyotosha avenyu moja leo inanywesha kartie nzima, na pale juu yake, ambapo zamani palikuwa na majani, pana nyumba kumi na vyoo kumi.

Tuseme pia habari ya mikaratusi. Najua mti huu umelipia watoto wetu minerval, umetupa mbao, makala na kuni, kwa hiyo sihubiri kwamba ung'olewe katika vilima vyote. Lakini mkaratusi unakunywa maji mengi, na chini yake majani mengine hayakui vizuri. Ukiupanda karibu na jicho la chemchemi, unashindana na bidoni yako. Mahali pake pale ni majani yanayoshika udongo, kama paspalumu, pamoja na mikuyu na miti mingine ya asili ambayo wazee wetu hawakuikata kando ya maji. Wazee wale wengine hawakumjua Kristo, lakini jambo hili walilijua.

Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, wengi wao katika Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Tulijifunza kunawa kwa maji yenye klori kwenye mlango wa kanisa, hata wale waliobisha mwanzoni. Desturi ile ilitusaidia. Lakini klori ina mpaka wake: maji yakiwa na udongo mwingi, uchafu unaila nguvu yake na wadudu wanabaki. Klori inafanya kazi vizuri katika maji ambayo yametoka chanzoni yakiwa meupe.

Sasa ugumu ni huu: anayekunywa na anayechafua hawakai pamoja. Mwenye parseli ya juu huenda hata hachoti maji kwenye chemchemi ile. Ezekieli 34:18 inasema juu ya kondoo wanaokunywa maji safi, halafu wanayavuruga kwa miguu mabaki ambayo wenzao watakunywa. Neno lile ni kali, na linamhusu kila mtu anayekaa juu ya mwenzake kilimani. Lakini mtu wa juu hawezi kubadilika kwa kutukanwa na watu wa chini. Waende kukaa naye.

Hezekia alipotaka kulinda maji ya Yerusalemu, 2 Nyakati 32:2-4 inatuonyesha kwamba alifanya kwanza shauri na wakuu wake, halafu watu wengi wakakusanyika kwa kazi. Shauri kwanza, jembe baadaye. Sisi tunapenda kuanza na jembe: salongo moja, picha, kisha mwaka unaofuata ukuta umepasuka na hakuna anayejua ni kazi ya nani.

Shauri likifanyika, lifanyike hivi. Wamama wanaochota wawepo, maana wao ndio wanajua ni mwezi gani maji yanapungua. Wenye parseli za juu wawepo, shefu wa kartie, muuguzi wa senta ya afya, na makanisa yote yanayotumia maji yale, wakatoliki na waprotestanti na wengine. Chemchemi haina dhehebu. Pandeni kilima wote pamoja, kuanzia kwenye bomba mpaka juu kabisa ambapo mvua inagawanyika. Andikeni kila kitu mnachokuta: choo, zizi la nguruwe, shimo la taka, shamba lililolimwa kushuka mteremko, garaji inayomwaga mafuta. Choreni ramani kwenye karatasi, hata kama mchoro si mzuri.

Pimeni pia maji. Wekeni bidoni ya lita 20 chini ya bomba na mhesabu. Ikijaa kwa dakika moja, chemchemi inatoa bidoni 60 kwa saa. Fanyeni hivyo mwisho wa kila kiangazi na kuandika katika daftari, ndipo mtajua kama mlima unapona au unakufa.

Halafu kubalianeni mipaka. Karibu kabisa na jicho la maji, uzio: hakuna mnyama, hakuna kufua, hakuna kulima. Juu ya uzio, mfereji wa kugeuza maji ya mvua yapite kando. Choo kisiwe chini ya mita 30 kutoka chemchemi, na upande wa juu kiwe mbali zaidi. Kumbukumbu la Torati 23:12-13 iliwaamuru Waisraeli watoke nje ya kambi na kufukia, kwa hiyo choo ni jambo la Biblia, tusione haya kulisema kwenye madhabahu. Majirani zetu wa Tanzania wameandika katika sheria yao ya mazingira ya 2004 kwamba shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka mito na maziwa. Hapa kwetu, kifungu cha 48 cha Katiba kinatambua haki ya maji ya kunywa, na tuna sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015. Mkishaandika makubaliano yenu, pelekeni nakala komine ipigwe mhuri, ili mnunuzi mpya wa parseli asije kusema hakuambiwa.

Na mwenye parseli ya juu? Huyu anapoteza. Anaambiwa ahamishe choo, aache mita kadhaa za shamba, akate miti aliyotegemea. Kumwomba afanye hivyo bure kwa jina la Yesu, huku sisi tunakunywa, si haki. Familia 150 zikitoa franka 200 kila mwezi, ni franka 30,000. Kwa miezi michache zinachimba choo kipya upande usiodhuru na kununua miche. Fedha ishikwe na watu watatu wa makanisa tofauti, na hesabu isomwe mbele ya wote pale kwenye bomba.

Kabla ya kwenda kwa jirani, wachungaji na mashemasi watazame kwanza choo cha kanisa lao. Makanisa yetu mengi yamejengwa juu ya mteremko, na siku ya Yenga watu mamia wanatumia shimo moja. Kama chini yake kuna chemchemi, choo kile kiwe cha kwanza katika orodha, na kihamishwe kabla ya mvua za Machi.